Wafuasi wanaongezeka lakini wanunuzi hawaonekani: nianze kurekebisha wapi?

Mshona Mikoba (swali)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninashona mikoba ya ngozi nikisaidiwa na kijana mmoja. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikiweka picha za kazi zangu Instagram na Facebook karibu kila siku, na wafuasi wamefika 2,300. Watu wanapenda picha, wengine wanaandika "hongera, kazi nzuri", wengine wanauliza bei, lakini mikoba ninayouza kwa mwezi kupitia mitandao haizidi vidole vya mkono mmoja. Wateja wangu wengi bado ni wale walioelekezwa na mtu aliyekwisha kununua.

Mwezi uliopita nilitenga fedha kidogo nikabonyeza kile kitufe cha kukuza posti. Waliopenda picha ile waliongezeka sana, ila hakupatikana hata mnunuzi mmoja. Rafiki yangu ananishauri niposti mara tatu kwa siku, na mwingine anasema niachane na picha nihamie kwenye video. Muda wangu ni mdogo, kwa sababu kila saa ninayoshika simu ni saa ambayo sijashika sindano. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupita hapa: nianze na lipi?

Muuza Vitabu

Ndugu Mshona Mikoba, pole na hongera kwa pamoja, maana kupata watu wanaouliza bei si jambo dogo. Kabla hujaongeza posti hata moja, ninakusihi ufungue inboksi yako na usome upya mazungumzo yote ya siku thelathini zilizopita, ukiandika kwenye daftari mteja aliuliza nini, saa ngapi, ulimjibu saa ngapi, na mazungumzo yaliishia wapi.

Mimi nilifanya hivyo baada ya kulalamika kwa miezi kwamba mitandao haiuzi. Nilimkuta mtu aliyeniuliza saa mbili usiku kama kitabu fulani kipo. Nilimjibu saa nne asubuhi ya kesho yake, kwa neno moja tu: "Kipo." Naye akaandika, "Nimeshapata kwingine, asante." Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye rafu nyuma ya kiti changu usiku ule wote. Nilihesabu watu wa namna hiyo hadi nikafunga daftari kwa uchungu, kwa kuwa nilikuwa nimetumia nguvu nyingi kuwaleta mlangoni kisha nikawaacha wamesimama.

Jambo la pili ni bei. Kama na wewe huandika "bei njoo inboksi", acha. Ninajua sababu zinazotolewa, kwamba washindani wataona au kwamba bei hutegemea ukubwa, lakini mteja anayeona aibu kuuliza hupita kimya, na hutamjua kamwe. Kama bei zinatofautiana, andika bei ya kuanzia na ueleze kinachoipandisha.

Kwa kuwa muda wako ni mchache, hamishia mazungumzo kwenye WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2018. Ina ujumbe wa kumkaribisha mteja mpya, ujumbe unaojituma wakati haupo, na majibu ya haraka unayoyaandika mara moja ukayatumia kila swali linapojirudia. Tangu mwaka 2019 ina pia katalogi, ambamo kila mkoba utakaa na picha, maelezo na bei yake. Weka kiungo chake kwenye wasifu wa kurasa zako zote, ili mteja asilazimike kunakili namba.

Mpiga Picha za Bidhaa

Ninaunga mkono suala la kujibu mapema, ila ningependa kuongeza kwamba sehemu kubwa ya maswali yanayojaa inboksi hayangeulizwa kama picha yenyewe ingeyajibu. Anayenunua mkoba dukani huubeba begani, huufungua, hupitisha kidole kwenye mshono na kuvuta zipu mara mbili tatu. Mtandaoni hana mikono, kwa hiyo picha zako zifanye kazi hiyo kwa niaba yake.

Weka meza karibu na dirisha wakati wa asubuhi, zima taa ya chumba ili rangi ya ngozi isigeuke manjano, na usitumie mwako wa simu (flash), kwa sababu huifanya ngozi ing'ae kama plastiki. Picha ya kwanza iwe mtu aliyeubeba, ili ukubwa uonekane bila maelezo. Ya pili iwe ndani ya mkoba, ukiwa na daftari la A4 lililoingizwa nusu. Ya tatu isogelee mshono na zipu kiasi kwamba uzi unaweza kuhesabika. Chini yake andika vipimo kwa sentimita, rangi zilizopo na siku ngapi mteja atasubiri.

Kuhusu video, usiache picha. Video fupi iliyosimama wima, ya sekunde 20 hivi, ikionyesha mikono yako ikipitisha uzi, huwafikia watu wasiokufuata na huwaaminisha kwamba mshonaji ni wewe mwenyewe. Anza na tendo lenyewe, usianze na nembo wala salamu ndefu. Piga zote siku moja ya wiki kisha uziposti moja moja, na sindano yako haitapumzika zaidi ya asubuhi moja. Kuhusu kuposti mara tatu kwa siku, sioni faida yake kwa mtu anayeshona kwa mkono.

Msimamizi wa Kurasa

Nizungumzie fedha zilizopotea kwenye tangazo, kwa sababu kosa hili linawaumiza wengi na mara nyingi hawaelezwi kilichotokea. Unapokuza posti, mfumo hukuuliza lengo lako, au huchagua wenyewe usipoligusa. Ukiacha lengo liwe ni watu kupenda na kutoa maoni, utatafutiwa watu wenye mazoea ya kupenda picha, na ndivyo ulivyopata. Safari ijayo chagua lengo la kutumiwa ujumbe, punguza eneo libaki lile unaloweza kufikisha mzigo, na ukuze posti ambayo tayari imewafanya watu waulize bei bila kulipiwa. Jaribu kwa kiasi kidogo, kisha gawa fedha ulizotumia kwa idadi ya waliokuandikia, na tena kwa idadi ya walionunua. Hesabu hizo mbili ndizo zitakazokuambia kama uendelee.

Ni vyema pia kufahamu kwamba mfuasi hana uhakika wa kuona posti yako. Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata muda mwaka 2016, na Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara. Wafuasi 2,300 si wasomaji 2,300. Wala usishawishike kununua wafuasi. Niliwahi kukabidhiwa ukurasa uliojazwa wafuasi wa kununua, na ilikuwa vigumu mno kubaini nani ni mteja na nani ni jina tupu.

Ndiyo maana ninasisitiza orodha yako mwenyewe: jina, namba, alichonunua na tarehe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa sita hivi, na waliokuwa na namba za wateja daftarini waliweza angalau kupiga simu. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili leo hii, yaani akaunti idai msimbo wa ziada juu ya nenosiri, kwani akaunti ikiibwa, kazi ya mwaka na nusu huenda nayo.

Mshona Mikoba

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Jana jioni nilikaa na daftari kama nilivyoelekezwa. Jumbe zilikuwa 38. Watu 19 waliuliza bei tu, na 7 waliuliza kama mkoba unaingia kompyuta, swali ambalo sijawahi kulijibu katika posti yoyote. Watu 14 niliwajibu baada ya saa tano au zaidi, na kati yao aliyenunua ni mmoja. Nimeumia kuona hivyo, lakini nimefarijika pia kwamba ni kitu ninachoweza kukirekebisha. Swali langu la mwisho: hawa niliowachelewesha, niwaandikie sasa au nitakuwa ninawasumbua?

Muuza Vitabu

Waandikie mara moja tu, tena mmoja mmoja, na uanze na wale waliouliza jambo mahususi. Usiwatumie tangazo, jibu swali lao lilelile. Kwa mfano: "Samahani sana kwa kuchelewa kukujibu. Uliuliza kama mkoba wa kahawia unaingia kompyuta. Unaingia ya inchi 14, picha hii hapa ikiwa ndani. Ukiuhitaji nitakuwekea hadi Ijumaa." Atakayejibu, muombe ruhusa ya kumweka kwenye orodha yako na umwombe ahifadhi namba yako, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja huenda usimfikie ambaye hajaihifadhi. Atakayekaa kimya, mwache.