Ushauri: darasa la watu wazima katika nyumba ya wakfu, je, tupige lipu ya saruji?

Mwalimu wa Jioni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaendesha darasa la watu wazima katika nyumba kongwe ya wakfu, Mji Mkongwe, Zanzibar. Wanafunzi wengi ni kina mama wanaoanza kusoma na kuandika, na wapo vijana walioacha skuli ambao wanajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ili baadaye wafanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Lipu ya chumba cha chini inamomonyoka, chumvi nyeupe inatokeza ukutani, na madaftari yanaota ukungu kabatini. Mfadhili yuko tayari kutulipia lipu ya saruji na vigae kabla ya masika, ila wazee wa mtaa wanatukataza. Naipenda nyumba hii, lakini naona uzito kuwaambia kina mama waliojikaza mpaka wakaingia darasani kwamba wasubiri tena. Tufanyeje?

Fundi Chokaa
Wa alaykum salaam, mwalimu. Wazee wamesema kweli. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Hunywa maji na kuyatoa, na saruji ikizifunika, unyevu hubaki ndani, ukapanda juu zaidi na kulegeza ukuta kutoka katikati, huku nje pakionekana pazuri kwa muda. Kabla ya lipu yoyote, tafuteni maji yanakotoka: mlizamu (mfereji wa maji ya mvua kutoka paani) uliotoboka, bomba la choo cha juu, au ua ambao umeinuliwa kuliko sakafu ya ndani. Kagueni pia ncha za boriti zilizoingia ukutani, kwa sababu ndizo huoza kwanza. Sote tunakumbuka Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka na watu kupoteza maisha. Msiwakusanye wanafunzi chini ya dari ambayo haijakaguliwa.

Mjukuu wa Malindi
Nakubaliana na fundi, ila asifiche kwamba chokaa haina haraka: hupigwa tabaka jembamba, likakauka, ndipo likaja jingine, kwa hiyo kumaliza kabla ya masika ni vigumu. Jambo ambalo halijatajwa ni karatasi. Ombeni kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kabla ya kutumia hata shilingi moja, pateni makubaliano ya maandishi na Kamisheni ya Wakf kuhusu kodi na muda wa kukaa. Nyumba ikishatengenezwa huwa na thamani nyingine, na darasa lisilo na mkataba ndilo huondolewa kwanza.

Bi Mkubwa Msomeshaji
Mwanangu, masomo yasisimame. Hamishieni darasa uani baada ya alasiri, na mvua ikinyesha ombeni ukumbi wa madrasa jirani. Mkirudi ndani, kumbukeni kwamba vyumba hivyo ni vyembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 3 tu. Basi wekeni ubao kwenye ukuta mrefu, watu wazima wakae kwa safu mbili wakiuelekea, asiwepo mwenye macho dhaifu aliyeachwa nyuma kabisa. Kuta zipakwe chokaa nyeupe, kwani mwanga wa jioni ni mdogo.

Mwalimu wa Jioni
Ahsanteni sana. Nitamwomba mfadhili fedha za vigae ziende kwenye mlizamu na ukaguzi wa boriti, na maombi ya kibali na ya mkataba tutayapeleka pamoja. Fundi, ukaguzi huo nimwite fundi seremala au mwashi?

Fundi Chokaa
Waite wote wawili, siku moja, wapande darini pamoja.