Kumtuma mmisionari "kwa imani": aende bila posho?

Mjumbe wa Kamati
Shalom wapendwa. Kanisa linatuma mwinjilisti, mkewe na watoto wawili kwa wafugaji, mwendo wa siku nzima kutoka barabara ya lami. Kikaoni mzee mmoja kasema waende kwa imani kama wamisionari wa zamani, tusiwapangie posho, Mungu atawalisha. Wengi walinyamaza, nani anataka kuonekana hana imani? Wanaojua watusaidie: hao wa zamani walifanyaje hasa? Na fedha ikikatika, familia inaishije?

Msoma Historia
Mzee wenu anazungumzia utaratibu wa Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza wa China, hata kama hamjui kwa jina. Mwaka 1865 Taylor alifungua akaunti ya benki kwa pauni 10 kwa jina la China Inland Mission, shirika lake la umisheni, huku akimwomba Mungu watenda kazi 24. Mei 1866 akapanda meli ya Lammermuir na kundi la kwanza. Mshahara wa uhakika haukuwepo, hilo kweli. Lakini kulikuwa na kanuni nyingine ambazo hazitajwi vikaoni: hakuna kukopa, hakuna kumwendea mtu kumwomba fedha, na kilichoingia kinagawanywa.

Angalieni kanuni hizo zilimbana nani. Ziliwafunga wamisionari wasiombe watu; hazikulifungulia kanisa mlango wa kutotoa. George Müller wa Bristol, yule wa nyumba za yatima, alikuwa akiwatumia fedha Taylor na wenzake. Naye alitangaza hesabu zake kila mwaka, ila safari moja hazina ilipokauka aliahirisha taarifa, isije ikasomeka kama ombi. Alijibana mwenyewe. Kumbana mwinjilisti ili bajeti ya kanisa ipumue ni jambo jingine kabisa.

Wala posho haimwondolei mtu haja ya Mungu. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa ametumwa na CMS, shirika la umisheni la Uingereza, na kamati yake ilikuwa ikimgharimia. Julai mwaka huohuo homa ikamchukua mkewe Rosine, na mtoto mchanga akafuata baada ya siku chache. Fedha ya kamati ingefanya nini pale? Alibaki, na mwaka 1846 mmisionari mwenzake Rebmann alipomfikia wakaanza kazi Rabai, karibu na Mombasa.

Mtunza Hazina
Mimi nizungumzie gunia. Familia ya watu wanne hula kama kilo moja ya unga kwa siku. Gunia la kilo 100, ukitoa pumba, linakaribia miezi mitatu. Fedha za umisheni hukatika zaidi Januari hadi Machi, maana washarika wamelipa ada na shamba linadai mbegu. Ukame huo wa fedha unajulikana tangu mwanzo wa mwaka, hivyo msiuite jaribu. Mavuno yakitoka, kusanyeni sadaka ya mahindi, magunia mawili yaende nao.

Mahindi yakauke kwanza: uma punje, ikivunjika kwa mlio iko tayari, ikibonyea rudisha juani. Tumieni ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na kila tabaka lifungwe peke yake. Watu hufunga zote kwa kamba moja, hewa inaingia, dumuzi, mdudu anayekula mahindi (wengine humwita skania), anamaliza gunia huku mnafunga na kuomba.

Posho itumwe tarehe ileile kila mwezi, hata ikiwa ndogo, pamoja na ya kutolea. Waidhinishaji wawe wawili. Na nauli ya dharura ya kufika hospitali iwekwe kando, isiguswe kwa chakula hata siku moja.

Muuguzi Mstaafu
Naongeza la homa. Wapime malaria kwanza, wasinywe dawa kwa kukisia. Dozi ya dawa mseto ya malaria (ALu) kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Vinne vya pili vinywewe zikipita saa 8 tangu vile vya kwanza, kisha asubuhi na jioni, na mtu awe amekula. Kosa kubwa ni kuacha siku ya pili kwa sababu "Bwana ameponya", vidonge vikatunzwa kwa mgonjwa mwingine. Mtoto akipata degedege, akitapika kila kitu au akishindwa kunywa, ni hospitali saa hiyohiyo. Maombi yaendelee njiani.

Mama Maombi
Hayo yote ni sawa, ila wengi hurudi kwa upweke, siyo kwa njaa. Barua ya kila mwezi isiwe ya ushindi mtupu. Isiyo na tatizo hata moja, mpigie simu aliyeiandika. Na mke apigiwe simu yake peke yake na mama mmoja wa kamati, kwa sababu mume akiwa karibu atajibu "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yanaishia hapo. Eliya alipoomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na hubiri. Alimpa mkate, akamwacha alale, akampa tena.

Mjumbe wa Kamati
Mbarikiwe sana. Moja la mwisho: mwinjilisti akiomba afanye biashara ndogo, tumruhusu?

Msoma Historia
Ndiyo, ila isimeze huduma: Paulo alishona mahema Korintho, lakini Sila na Timotheo walipofika akajitoa kwenye neno kabisa (Matendo 18:5).

Mtunza Hazina
Bustani na kuku, ndiyo. Biashara ya mifugo na watu haohao anaowahubiria, hapana. Mbuzi mmoja wa mkopo asipolipwa, aliyekopa hatamkwepa mwinjilisti sokoni tu, ataikwepa na ibada.