Nimempenda mbwa mzee kituoni, mama hataki. Naombeni ushauri

MamaTumaini
Wakuu, habari za jioni. Naishi Arusha na mama yangu na mwanangu wa miaka 5. Nyumba ina ukuta na geti, uwanja upo.

Jumamosi nilikwenda kwenye kituo cha kuokoa wanyama kutafuta kitoto cha mbwa. Nikakutana na Bosi. Mdomo wote mvi, mguu wa nyuma anauburuta kidogo akiinuka. Wanamkadiria miaka 10. Mwenyewe alihama akamwacha. Wenzake walikuwa wanarukia wavu wakibweka. Yeye alikuja taratibu, akaegemeza ubavu kwenye wavu pale nilipochuchumaa, akatulia hapo hapo. Tangu siku hiyo simtoi kichwani.

Mama anasema naleta msiba ndani, atakufa upesi na mtoto aumie. Mimi naogopa gharama, na sijui kama umri huo bado anaweza kuzoea watu wapya. Aliyewahi kufuga wa namna hii aniambie ukweli.

Mzee wa Tengeru
Anazoea, dada. Wangu nilimchukua ana miaka 9. Siku tatu za kwanza alijificha nyuma ya tenki la maji, chakula hagusi mpaka niondoke. Nikawa naweka bakuli naenda zangu. Wiki ya tatu nikamkuta ananisubiri getini. Kubweka, nilimsikia mara ya kwanza baada ya kama miezi mitatu. Nilifurahi siku ile jamani! Usimharakishe tu.

DaktariMifugo_AR
Omba kadi ya chanjo kabla hujamleta nyumbani. Kichaa cha mbwa kwanza, kwa sababu una mtoto: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Halafu apimwe damu. Kupe wa huku wanaambukiza magonjwa ambayo mbwa anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kujulikana, na kwa umri wake figo ziangaliwe pia. Akianza kunywa maji mengi kuliko kawaida, usingoje. Kagua meno. Nimeletewa mbwa wengi "wameacha kula kwa uzee", kumbe ni jino limeoza.

Mguu huo huenda ni maungio. Juni na Julai baridi ya Arusha itamtesa, kwa hiyo asilale kwenye saruji, na asinenepe. Akichechemea USIMPE Panadol, diklofenaki wala ibuprofen za nyumbani. Zinaweza kumuua. Zipo dawa za maumivu za mbwa, muone daktari.

Njiro_Mkulima
Mimi naona tofauti kidogo. Kama mshahara wako unaisha tarehe 15, subiri. Wangu figo zilifeli mwaka wa pili, nikakopa. Simjutii hata siku moja, ila huruma peke yake haikulipa daktari. Anza kuweka akiba ya kila mwezi kabla hajaja. Na kama unataka mlinzi, huyo muda wake wa kulinda umepita.

BintiMoshi
Kuhusu mtoto: mbwa mzee husikia kwa shida, akiguswa usingizini anaweza kushtuka na kung'ata bila kukusudia. Mfundishe kumwita kwanza, na asimsogelee anapokula. Usiwaache wawili peke yao. Nendeni wote kituoni, hata mara mbili, bibi naye aende.

MamaTumaini
Asanteni sana. Leo tumekwenda wote. Mama alikaa kwenye benchi, uso ameukunja. Bosi akamnusa miguu, akajilaza juu ya pindo la kanga yake. Mama akakaa hivyo karibu nusu saa, hataki kulivuta. Kutoka pale swali lake lilikuwa moja: "Ugali wa dona anakula?"

Damu imechukuliwa, majibu Alhamisi. Njiro_Mkulima, akiba nimeanza leo. Mwenye kujua wanapouza vipande vya godoro pale soko la Kilombero anielekeze, nataka kile kinene.