Mrejesho: maharamia wa gemu la Elite Dangerous hawanipati tena

Habari zenu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliuliza nifanyeje, maana kila nikibeba shehena kwenye meli yangu ya anga za juu, Cobra Mk III, maharamia wananichomoa kwenye mwendo kasi na kunilipua. Bima inakula asilimia 5 ya thamani ya meli kila mara, na mzigo haulipwi. Nilikaribia kuliacha hili gemu.

Kumbe kosa langu lilikuwa kung'ang'ana na usukani ili nisichomolewe. Ukishindwa, meli inazunguka hovyo na injini ya kuruka inachelewa kupoa. Mliniambia nishushe mwendo hadi sifuri, nijisalimishe mwenyewe, inapoa upesi zaidi. Ni kweli kabisa.

Jana usiku ndipo nilipoamini. Nina dhahabu, meli kubwa ya haramia, Anaconda, ikanitokea kwa nyuma. Nikahamisha umeme: alama 4 kwenye ngao, 2 kwenye injini. Nikageuza, nikampita ubavuni kwa kasi, nikachagua mfumo mwingine wa nyota, kwa sababu uzito wa meli kubwa hauzuii mruko wa aina hiyo. Ngao imebaki duara moja la bluu. 4, 3, 2, 1, nikatoweka! Mikono ilikuwa inatetemeka.

Aliyenishauri nifunge kifaa cha kuchota mafuta kwenye nyota, ubarikiwe sana. Nachuja ramani zibaki nyota zinazochoteka mafuta, yaani za aina K, G, B, F, O, A na M tu, sijakwama hata mara moja.

Asanteni sana. Dhahabu nimeiuza yote.