Mwongozo wa kitaifa wa akili mnemba: tuanze na sheria, mamlaka au kitu gani?

mwandaa_rasimu
Habari zenu wakuu. Rasimu ya mwongozo wa kitaifa wa akili mnemba ninayoifanyia kazi imejaa maadili: haki, uwazi, uwajibikaji, utu. Hakuna wa kuyapinga. Lakini ofisa wa wizara akiisoma hadi mwisho, bado hatajua afanye nini siku akiletewa mfumo wa kuchuja maombi ya ruzuku. Tuanzie wapi? Sheria mpya, mamlaka mpya, au tuchukue sheria ya Umoja wa Ulaya tuipunguze? Na fasili ya akili mnemba iwe pana kiasi gani?

jicho_la_mkaguzi
Anzeni na rejista, mkuu. Huwezi kusimamia mifumo usiyojua kama ipo. Waraka mmoja wa serikali unatosha kuziagiza taasisi zote za umma ziandike, kwa kila mfumo: unaamua au unapendekeza nini, unamgusa nani, nani aliutengeneza, unatumia data ipi na data hiyo ilikusanywa kwa lengo gani, ni toleo lipi linalotumika sasa, aliyeumizwa na uamuzi akate rufaa wapi, na ofisa wa cheo gani ana mamlaka ya kuuzima.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho cha kukagua kwanza. Idara ya TEHAMA ndiyo iliyonunua, idara nyingine ndiyo inayotumia, na mkandarasi ndiye anayeendesha. Mambo yakiharibika kila mmoja anamwangalia mwenzake.

Amsterdam na Helsinki zilifungua rejista za wazi mwaka 2020, kwa hiyo mifano ya fomu ipo. Tahadhari moja: rejista ya hiari hujaa mifumo isiyo na madhara, kama ile ya kujibu maswali ya wateja, huku mfumo wa kunusa udanganyifu ukiachwa nje. Ifungeni kwenye malipo: mfumo usio na namba ya rejista, ankara yake hailipwi.

haki_na_data
Kuhusu fasili, msiifunge kwenye mbinu ya kompyuta. Ifungeni kwenye uamuzi na athari zake.

Chukua Robodebt, mpango wa serikali ya Australia wa kudai posho zilizodhaniwa kulipwa kupita kiasi. Mpango ule ulichukua kipato cha mwaka mzima cha mtu na kukigawanya sawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili. Sasa tuseme mtu alipata 26,000 katika nusu ya kwanza ya mwaka, kisha akakosa kazi na kupokea posho kihalali. Hesabu ile inaonyesha alipata 1,000 kila kipindi, hata alipokuwa hana kitu, kwa hiyo anadaiwa kurudisha posho. Watu walidaiwa madeni ambayo hawakuwa nayo, na tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, ikatoa ripoti yake mwaka 2023. Pale hapakuwa na akili mnemba yoyote, kulikuwa na kugawanya tu! Fasili inayotaja "mifumo inayojifunza" ingeuacha mpango huo upite bila kuguswa.

Kanada waliliona hili katika agizo lao la mwaka 2019 kuhusu uamuzi unaofanywa kwa mitambo. Idara inajaza dodoso, inapata daraja la athari kuanzia la 1 hadi la 4, na masharti yanapanda kadiri daraja linavyopanda. Katika daraja la 3 na la 4 uamuzi wa mwisho ni wa binadamu.

mzoefu_wa_zabuni
Sheria ya Ulaya someni, ila msiinakili. Ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na marufuku zake zikaanza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Faini ya juu kabisa ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kwa mwaka, ile iliyo kubwa zaidi. Maandishi hayo yamesimama juu ya taasisi za viwango na ukaguzi wa bidhaa zilizokuwepo miaka mingi. Ukinakili vifungu bila wapimaji, umepata sheria isiyopima kitu. Chukueni wazo la ngazi za hatari na orodha fupi ya vilivyokatazwa, kisha benki kuu isimamie mifumo ya alama za kuamua nani akopeshwe, na mdhibiti wa dawa na vifaa tiba asimamie vya hospitalini. Kitengo kidogo cha wataalamu kiwasaidie wote.

Nguvu mliyo nayo leo ni mkataba wa ununuzi. Dai haki ya kukagua, kumbukumbu za kila uamuzi, taarifa kabla ya toleo kubadilishwa, na data kurudishwa mkataba ukiisha. Haya yawekwe kwenye nyaraka za zabuni. Ukishasaini, utaambiwa ni siri ya biashara.

mwandaa_rasimu
Asanteni sana, hii inasaidia. Je, kifungu cha "binadamu ataidhinisha kila uamuzi" kinatosha?

jicho_la_mkaguzi
Hakitoshi. Ofisa mwenye rundo la mafaili atabonyeza kukubali tu. Katika sakata la posho za malezi ya watoto Uholanzi, uraia ulikuwa miongoni mwa vigezo vya alama ya hatari, familia nyingi zikashukiwa udanganyifu bila haki na kuangamia kwa madeni, na serikali ikajiuzulu Januari 2021. Pimeni ni mara ngapi maofisa wanatengua pendekezo la mfumo. Ikikaribia sifuri, hakuna anayekagua. Pia chomekeni mafaili ya majaribio yenye jibu lisilo sahihi muone kama yatanaswa.

Na msikubali neno "usahihi wa asilimia 95" peke yake. Katika maombi 10,000 yenye udanganyifu 100, mfumo unaonasa 95 kati ya hao na kukosea asilimia 5 ya waliobaki utawashuku watu 495 wasio na hatia. Yaani kati ya washukiwa 590, zaidi ya wanne katika kila watano wameonewa. Hesabu hiyo ifanyike kwa kila kundi la watu, iwe kwenye tathmini ya athari kabla ya mfumo kuwashwa, na irudiwe kila toleo likibadilika.