Intaneti ya kijiji cha bondeni Makete: dishi la setilaiti au antena ya mlimani?

Mwalimu wa Bondeni
Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafundisha sekondari ya kata wilayani Makete, katika bonde ambalo simu haisomi mtandao mpaka upande hadi kwenye shamba la miti ya mbao juu ya mlima. Serikali ya kijiji, zahanati na chama cha wakulima wa viazi wamekubali kuchangia huduma moja. Tunalinganisha dishi la kawaida la VSAT (kituo kidogo cha setilaiti za mbali), dishi la setilaiti zinazozunguka karibu na dunia kama Starlink, na antena ya mlimani itakayonasa 4G ya mnara wa ng'ambo na kuirusha bondeni. Zahanati inahitaji kutuma taarifa za GoTHOMIS, yaani mfumo wa kompyuta wa serikali wa vituo vya afya, wanafunzi wanahitaji vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na wakulima wanataka kujua bei ya viazi kabla lori halijafika. Naomba maoni ya wanaoifahamu kazi hii.

Fundi Dishi, Uyole
Mwalimu, setilaiti ya VSAT ya kawaida hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo dishi likishaelekezwa na kukazwa halihitaji kuguswa tena. Tatizo ni umbali: ombi likipanda na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, karibu nusu sekunde imekwisha kabla ya ucheleweshaji mwingine wowote. Kwa ripoti na baruapepe hamtaona shida, lakini mganga wa zahanati akiongea kwa video na daktari wa wilaya watakuwa wanakatizana maneno.

Starlink ziko kilomita 550 hivi, na jibu hurudi kwa milisekunde 25 hadi 60 mambo yakiwa sawa. Kwa kuwa ziko chini, kila moja hupita haraka, ndiyo maana zinatakiwa maelfu, na dishi lake linataka anga pana iliyo wazi. Likizungukwa na miti, mtandao utakatika sekunde chache kila setilaiti inapojificha. Dishi la VSAT linaridhika na uwazi mmoja tu wa anga, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, uwazi huo unaweza kuwa karibu juu kabisa ya vichwa vyetu, mradi mchague setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu.

Binti wa Rungwe
Kaka Fundi, umeisahau mvua, na sisi wa Tukuyu hatuwezi kuisahau. Aina zote mbili hutumia zaidi masafa ya Ku na Ka, ambayo matone mazito huyanyonya, na Ka huathirika zaidi. Huduma hupotea kwa dakika za mvua kubwa, kisha hurudi. Mawimbi ya 4G kutoka mnarani hayaijali mvua kiasi hicho.

Kuhusu umeme, mimi ndipo ninapoona miradi mingi ikifia. Dishi la wati 75 likiwashwa saa 24 linakula wati-saa 1,800. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 200 ina wati-saa 2,400, lakini haifai kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo inaliendesha kwa saa 16. Usiku utavuka, ila ukifuatiwa na siku ya ukungu ule wa Makete, sola haitajaza chochote na mchana mtakuwa gizani. Nunueni betri mbili, au mzime kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mkazi wa Kasumulu
Naongeza la leseni, kwa sababu huku mpakani kishawishi ni kikubwa. Malawi na Zambia zilianza kupata Starlink mwaka 2023, na wapo wanaofikiria kununua dishi ng'ambo na kulivusha. Msifanye hivyo kwa fedha za wananchi. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliwaandikia watu waliotumia vifaa vya aina hiyo katika nchi ambazo haikuwa na leseni, Afrika Kusini ikiwemo, kwamba huduma yao ingekatwa. Huku kwetu inatumika Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) wana ofisi ya kanda Mbeya mjini. Waulizeni kwa maandishi kama mtoa huduma na kifaa vyote vimeidhinishwa.

Mzee wa Mbao, Mufindi
Vijana mnakimbilia angani wakati mnara upo ng'ambo ya mlima. Mwalimu, funga simu kwenye ufito mrefu wa mwanzi, uipandishe mlimani na laini za kampuni mbalimbali, moja baada ya nyingine, kisha usome nguvu ya mawimbi. Ukipata -100 dBm au nambari iliyo karibu zaidi na sifuri, weka ruta yenye antena ya nje pale juu, na redio mbili za gigahezi 5 zinazotazamana zitaishusha huduma hadi shuleni, hata kilomita kadhaa, mradi hakuna kinachoziba katikati. Ukipata -118, achana nayo. Wakati huo huo andikeni barua Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, maana kazi yake ni kutoa ruzuku ili kampuni zijenge minara pasipo na faida.

Mwalimu wa Bondeni
Shikamoo Mzee, hilo tutalipima kwanza. Linalonitatiza ni malipo ya kila mwezi, kwa kuwa fedha huonekana viazi vikishauzwa.

Binti wa Rungwe
Kateni fungu la miezi yote wakati wa mavuno, liwekwe kwenye akaunti ya chama, na zahanati ipewe kipaumbele kwenye ruta ili video za vijana zisiimezee bando. Mkitaka kuuzia wanakijiji vocha, hiyo ni biashara inayohitaji kibali chake; liwekeni kwenye barua hiyo hiyo ya TCRA.

Fundi Dishi, Uyole
Mzee, shikamoo. Sipingi mlima, ila hapo juu mtahitaji sola ya pili, uzio na mlinzi, na hizo gharama zihesabiwe. Popote mtakapofunga, zikeni waya wa athi, wa kushusha umeme ardhini, kabla ya kuwasha, maana radi za Novemba hazichagui dishi wala antena.