Kompyuta ya kurushia ibada mubashara: ya mezani au laptopu?

Mweka Hazina, Mukono: Kanisa letu limechangisha fedha za kununua kompyuta moja ya kurushia ibada YouTube kila Jumapili, na kamati imegawanyika katikati, nusu wakitaka ya mezani na nusu laptopu. Mnaoifanya kazi hii mnatushauri nini?

Fundi wa Wandegeya: Nunueni ya mezani. Kubana video ili ipite kwenye intaneti huichosha prosesa mfululizo, na laptopu ikishapata joto hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua, picha ikaanza kukwama. Laptopu waachieni wapiga picha za harusi.

Mrusha Sherehe: Mimi ndiye huyo mpiga picha za harusi, ssebo. Hebu tueleze ni lini ulipakia kompyuta ya mezani, skrini yake na nyaya zake kwenye boda ukaenda nayo kijijini kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi.

Fundi wa Wandegeya: Sijapakia, ila nimehudhuria kwanjula ambapo laptopu iliwekwa juu ya kiti cha plastiki saa nane mchana, nje kidogo ya kivuli cha hema, feni ikivuma kama mashine ya kusaga. Ssenga, shangazi wa bibi harusi, alipoinuka kumtafuta mchumba miongoni mwa wageni, ndugu waliokuwa wakitazama kutoka London walibaki na vazi lake la gomesi limeganda kwenye skrini.

Mrusha Sherehe: Kosa ni la aliyeiweka juani. Laptopu yenye kadi ya picha (graphics) ya NVIDIA huiachia kadi kazi ya kubana video, prosesa ikapumua. Na umeme ukikatika katikati ya mahubiri, hiyo ya mezani itafanya nini?

Mama Kwaya: Wanangu, umeme ukikatika ruta nayo huzima. Hiyo betri ya laptopu itamrushia nani?

Mnunua Bando: Mnabishania betri ilhali kurusha kwa kilobiti 6,000 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 2.7 kila saa, na tangu Julai 2021 data hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Punguzeni ubora wa picha kwanza.

Mweka Hazina, Mukono: Ahsanteni. Ibada yetu huchukua saa nne, mchungaji akijizuia. Tutafute UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) ya namna gani, ya kubeba ruta pamoja na kompyuta ya mezani kwa muda wote huo?

Fundi wa Wandegeya: Hapo hamtafuti UPS, mzee. Mnatafuta jenereta.

Mrusha Sherehe: Ninayo ya kukodisha. Hukaa vizuri tu kwenye boda.